Kuhamia Nakuru na kufungua biashara: maswali naulizwa kila siku hapa hadiwea

Niko na hadiwea upande wa Kiamunyi, barabara ya kwenda Kabarak, na huu ni mwaka wa tisa. Mtu akikuja kununua nusu kilo ya misumari anakuja pia na maswali, na karibu yote ni yale yale, nihamie wapi, ploti ni ngapi, maji yako ama hayako. Kama uliwahi niuliza na nikakujibu haraka haraka juu kulikuwa na watu wanangoja rangi, jibu lako lile refu liko hapa. Na kabla hatujaenda mbali, ndio, mwenye duka ni mimi mwanamke, hakuna mzee ameenda Nairobi atarudi jioni.

Nakuru ilikuwa siti lini, na kuna kitu kilibadilika?

Tarehe 1 Disemba 2021, Rais wa wakati huo Uhuru Kenyatta akatoa hati, tukawa siti ya nne baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Kesho yake nilifungua duka nikakuta mtaro wa mbele bado umeziba na ile karatasi ya simiti niliwacha nayo. Kitu kilibadilika siku hiyo hiyo ni midomo ya mabroka, ploti ile ya jana ikawa "ploti ya siti" na bei ikaruka.

Lakini mji ulikuwa unakua kitambo, siti ni jina tu lilikuja kukuta mambo. Reli ilifika hapa 1900, na tangu hapo hii ni njia panda. Ukitoka Nairobi kwenda Eldoret ama Kisumu unapita hapa, wa Baringo anashukia hapa, wa Nyahururu, wa Molo, wote. Kisha 2013 kaunti zikaanza na maofisi yakajaa. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 2,162,202 kaunti nzima, na si wote wanaishi shambani, wengi wamekuja kukaa pembeni mwa mji kwenye mashamba ya mahindi yaliyokatwa ploti. Ukishaelewa hiyo utaelewa karibu kila jibu langu: hapa nyumba inakuja kwanza, maji, barabara na taa zinafuata nyuma zikitembea kwa miguu.

Nihamie mtaa gani?

Niambie kwanza unafanya kazi wapi. Mji umelala kwa barabara kubwa, mashariki ni upande wa Nairobi na magharibi ni upande wa Eldoret, na katikati asubuhi kunaziba. Ukikaa Lanet na kazi iko Njoro, kila siku utavuka mji mzima mara mbili, na ile nauli uliona ni kidogo utaihesabu mwisho wa mwezi ushangae.

Mashariki kuna Free Area, Pipeline, Barnabas, Mzee Wanyama, mpaka Lanet. Huko gari ni nyingi mpaka usiku na nyumba za kukodi zimejengwa nyingi sana, bedsita mpaka za vyumba vitatu. Karibu na mji kuna Section 58, Naka na Milimani, hapo unalipia utulivu na miti. Upande wetu ni Shabab, London, Kaptembwo, Rhonda, alafu ukitoka nje unapata Ngata na Kiamunyi, ambako watu wengi wamejijengea zao, so utaona mageti makubwa na barabara za mchanga. Barabara ya Nyahururu kuna Kiamaina na Maili Sita, huko ploti zimekatwa mpaka ndani ndani. Kaptembwo na Rhonda watu wa nje hupenda kuzisema vibaya, lakini wateja wangu wanaolipa keshi bila kuomba punguzo wengi wanatoka huko, wacha nikae hapo.

Nyumba usiende kuiangalia Jumapili saa nane mchana na jua imewaka na kila kitu kinapendeza. Enda siku ya kazi saa kumi na mbili na nusu asubuhi usimame stejini uone watu wanangoja gari dakika ngapi. Enda tena baada ya mvua. Alafu usimuulize landilodi, muulize mama wa kibanda cha mboga, huyo anajua maji yalikuja lini na ni nani alihama usiku.

Maji yako?

Hili ndilo swali lenyewe, na ningekuwa mimi ningeuliza kabla hata sijauliza kodi.

Kuna mitaa ina bomba la kampuni ya maji na yanakuja kwa zamu, labda siku mbili kwa wiki, labda moja. Kuna mitaa bomba liko lakini ni la kuangalia. Na kuna huku pembeni ambako mtu mmoja amechimba kisima kirefu cha pampu na anauzia majirani, ama bauza, lile lori la maji, inakuja kumwaga kwa tangi yako. Landilodi akikwambia "maji ni masaa ishirini na nne" muulize ya wapi, ya kampuni ama ya kisima, juu hiyo tofauti utaiona mdomoni mwa mtoto wako.

Sisi tuko kwa bonde la ufa, na maji ya chini ya ardhi yanapita kwa mawe ya volkano yakitoka na floraidi nyingi. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya huku vinapita hapo. Mtoto akikunywa hayo maji miaka ile meno ya ukubwani bado yanajitengeneza chini ya fizi, yaani mpaka kama miaka minane, yatatoka na madoa ya kahawia na hayasuguliki, si uchafu, usimchape mtoto eti hapigi mswaki. Mtu mzima akihamia hapa meno yake hayabadiliki, ndio maana wazazi wengi hawajali mpaka wamechelewa. Na kuchemsha hakusaidii, unaua vijidudu ndio, lakini maji yanapungua na floraidi inabaki, so yaliyobaki ni makali zaidi.

Kuna dada alikuja hapa na kijana wake wa darasa la tatu, kijana anaongea na mkono mdomoni. Nikajua bila kuambiwa. Walikuwa wamehama kutoka Kakamega mtoto akiwa na miaka miwili na wakakaa na maji ya kisima tu miaka yote.

So ya kunywa na kupikia tafuta ya mvua, ama yaliyochujwa. Kuna vichujio vya makaa ya mifupa, hiyo ni teknolojia watu wa maji wa Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru walifanyia kazi miaka mingi, mifupa iliyochomwa vizuri inashika floraidi. Kile kichujio cha kawaida cha mchanga ama cha mshumaa hakiitoi, muuzaji akikwambia inatoa muulize kwa njia gani.

Maji ya mvua nitakupigia hesabu hapa hapa. Mvua ya milimita moja ikinyesha kwa paa ya mita moja mraba ni lita moja. Nyumba yenye paa ya mita 10 kwa 10 ni mita mraba 100, mvua moja nzuri ya milimita 20 ni lita 2,000, yaani mitungi mia moja ya lita ishirini, na yote inaenda kwa jirani juu hujaweka gata, ule mfereji wa kukinga maji kwa ukingo wa paa. Watu wanajenga nyumba ya milioni nne alafu gata wanasema wataweka baadaye. Mvua ya kwanza wachia iende, inaosha vumbi na mavi ya ndege, ya pili ndio unakinga.

Na choo je?

Mabomba ya maji taka yako katikati ya mji na mitaa ya zamani, huku nje ni tangi la choo na shimo la kunyonya, likijaa unaita egzosta. Acha nafasi ya hiyo lori kuingia! Nimeona mtu amejenga ukuta na maua na vigae, egzosta ikafika bomba lake halifiki, wakapitishia sebuleni. Kuna kitu huwa nakipenda kuwaambia wageni, kampuni ya maji ya mji huu ilianzisha kitengo kinachogeuza hiyo taka ya choo kuwa makaa ya kupikia. Yanawaka vizuri na hayanuki.

Ni kweli Nakuru ni vumbi?

Jina lenyewe husemwa linatoka kwa Kimaasai, mahali pa vumbi. Januari mpaka Machi kabla ya mvua, kila asubuhi napanguza mikebe ya rangi na saa nne naandika jina langu juu yake na kidole. Nunua pazia za rangi ya udongo, hapo sina mengine.

Nimepata ploti bei rahisi karibu na ziwa, ninunue?

Hapana. Ziwa Nakuru limekuwa likipanda kuanzia miaka ya 2010 mpaka lile geti kuu la zamani la mbuga likaingia majini, na watu wa upande wa Mwariki na Barut wakapoteza nyumba na mashamba. Hilo ziwa halina mto wa kutoa maji nje, yanayoingia yanakaa mpaka jua liyakaushe. Ukiona ploti nusu bei na miti imekauka imesimama kwa maji hapo mbele, bei imeshakujibu.

Kununua ploti kwingine, niangalie nini?

Huku kuna historia lazima uijue. Baada ya uhuru, miaka ya sitini na sabini, watu walichanga pesa kwa kampuni za kununua mashamba, wakanunua mashamba ya walowezi, wakagawana kwa baloti, yaani kura ya bahati. Wengine walipata hati, wengine wakabaki na cheti cha hisa mpaka wakafa, watoto wakarithi cheti. Sasa mtu anakuja kukuuzia ukiuliza hati anakuonyesha karatasi ya rangi ya chai imekunjwa mara nane. Hiyo karatasi inaweza kuwa ya kweli kabisa na bado usipate ploti, juu kampuni ina kesi, ama shamba hilo limeuzwa mara tatu.

Kwa hivyo ni hati, na namba ya hati unaifanyia sachi ya serikali, kuangalia kwa rekodi za ardhi mwenyewe ni nani, wewe mwenyewe, si ile sachi broka amekuletea tayari kwa simu. Alafu surveya wako, yaani mpima ardhi, si wake, aje na ramani atafute bikoni, zile alama za mpaka. Mimi niliruka hiyo. Ploti ya 50 kwa 100, broka mzuri sana, ananiita mama, ananibebea mwavuli, nikaonyeshwa bikoni nne na nikafurahi. Nilipotaka kuweka ukuta jirani akatoka na surveya wake, bikoni ya nyuma ilikuwa imesogezwa futi sita. Futi sita kwa upana wote! Nililipa surveya, nikalipa tena wakili, ukuta ukarudi nyuma, na broka simu yake mpaka leo ni mteja hapatikani.

Kama ardhi bado ni ya kilimo kwa rekodi, na nyingi huku pembeni ni hivyo hata kama zimejaa nyumba, mnahitaji kibali cha bodi ya ardhi, bila hicho mauzo ni batili mbele ya sheria. Muuzaji aliyeoa ama kuolewa, mwenzake lazima akubali kwa maandishi. Ushuru wa stempu ni asilimia 4 ndani ya maeneo ya mji na 2 nje, weka hiyo kwa bajeti, watu husahau. Ukubwa pia uliza kwa futi. "Ya nane" wengine wanamaanisha 50 kwa 100, wengine wanakukatia 40 kwa 80 na bado wanaiita ya nane na uso mkavu.

Kujenga kuna shida gani huku?

Udongo. Ni wa majivu ya volkano, mwepesi, unachimbika vizuri fundi anafurahi anafika futi mbili anasema mama tumefika. Hamjafika. Maji yakiingia huo udongo unakatika kama sukari, ukiangalia barabara za mtaa baada ya mvua ya Aprili utaona mifereji mtu anaingia mpaka kiuno. Tena mji umekaa kwa nyufa za bonde la ufa na Menengai, mlima wa volkano, iko hapo juu. Usikubali msingi wa kukisia, ita injinia aone shimo kabla zege halijamwagwa. Na maji ya paa yapeleke mbali na ukuta, hapo tena tunarudi kwa gata.

Michoro inapitishwa na kaunti kabla ya kuanza, si baada. Ukianza bila, siku moja utapata alama nyekundu imeandikwa kwa ukuta na mjengo unasimama ukiwa kwa linta, ile boriti ya juu ya milango na madirisha, mafundi wameshalipwa wiki.

Biashara gani inalipa?

Hili swali naulizwa zaidi kuliko bei ya simiti. Na kila mtu anataka nimwambie "fungua ya nguo" ama "weka M-Pesa", kwisha. Ngoja nikwambie vile mimi naona nikiwa nyuma ya kaunta.

Nilisema nyumba inatangulia vitu vingine. Basi kile kimechelewa ndio biashara. Mtaa ukiwa na nyumba kumi na mahindi mengi, kinachouzwa ni simiti, misumari, mabati na chai ya mafundi. Mama mmoja hapa alianza na jiko moja akipikia mafundi wa nyumba tatu, chapati na madondo, kila nyumba ikiisha anafuata inayofuata, sai ana hoteli ya meza nane. Watu wakihamia, wiki ya kwanza wanataka pazia, gesi, waya za stima, kufuli, na mtu wa kuleta maji. Baadaye kidogo wanataka mahali pa kuacha mtoto, juu wote wawili wanaenda kazi mji na shosho amebaki Nyandarua. Kinyozi, saluni, duka la dawa, shule ndogo. Mwisho kabisa ndio zinakuja supamaketi na benki, na hizo zikikuja usishindane nazo kwa unga na sukari, zitakumaliza.

Kosa ni kufungua kitu cha mtaa wa miaka kumi kwa mtaa wa miaka miwili. Kijana mmoja alifungua duka la keki za harusi kwa barabara ya mchanga, nyumba kumi na tano zimemaliziwa kuezekwa, vumbi inaingia kwa krimu. Keki zilikuwa tamu, nilizikula sana, nafikiri mimi ndiye nilikuwa mteja mkubwa. Alifunga miezi minne.

Kingine ni kwamba Nakuru ni mji wa shamba hata ikivaa suti. Viazi vinashuka kutoka Molo, Elburgon, Mau Narok na Dundori, mboga, maziwa, mahindi. Mvua ikinyesha vizuri pesa inaonekana hata kwangu, mkulima akiuza viazi anakuja kununua mabati. Mvua ikikosa, hata wa saluni atakwambia biashara imelala. Ukitaka kuingia kwa viazi, jua sheria ya 2019 inasema gunia lisizidi kilo 50, lile lenye kilemba, yaani limejazwa kupita mdomo, bado utaliona Soko ya Wakulima, lakini anayepata hasara ya kile kilemba ni mkulima. Wanafunzi pia ni soko, Egerton iko Njoro na Kabarak iko barabara yetu, ila wakifunga chuo na wewe unafunga macho. Panga akiba ya hiyo miezi.

Usitegemee kiwanda kimoja. Kile cha betri za Eveready kilifungwa 2014, na waliokuwa wakiuzia wafanyikazi chakula hapo getini walifunga wiki hiyo hiyo.

Duka niliweke wapi?

Kuna upande wa asubuhi na upande wa jioni, na hakuna mtu aliniambia hii, nililipia kodi miezi saba nikijifunza. Gari zetu zinakaa kushoto, kwa hivyo mtu akitoka mji jioni anashukia upande mmoja, na asubuhi anapandia ule mwingine. Asubuhi ana haraka, ananunua mandazi na kredo. Jioni ana pesa, ana njaa na anapitia vitu vya nyumbani. Duka langu la kwanza lilikuwa upande wa asubuhi. Watu wananisalimia vizuri sana wakikimbilia gari, jioni wanashukia ng'ambo na lori zinapita kati yetu, hakuna mtu anavuka barabara kwa sababu ya balbu. Niliposonga ng'ambo, ni mita thelathini tu, mauzo ya jioni yakawa karibu mara mbili. Kwa mboga, nyama, mkate, mafuta taa, upande wa jioni. Mandazi na chai, upande wa asubuhi.

Gudwili, ile pesa ya kuachiwa duka, wataitisha. Usilipe bila kuandikiwa, na uliza unapewa nini, juu wengine wanakuuzia mlango tu. Na ujue haki yako: kama huna mkataba wa maandishi, ama uko nao lakini ni wa chini ya miaka mitano, sheria ya wapangaji wa maduka na hoteli inakulinda. Landilodi hawezi kuamka Jumatatu akakupandishia ama akakufungia mlango, lazima akupe notisi rasmi ya angalau miezi miwili, na ukikataa unaenda kwa mahakama ndogo ya kodi za majengo ya biashara. Wengi hawajui, landilodi wanajua vizuri.

Kibanda kwa barabara kubwa je? Angalia mpaka wa barabara kwanza. Upanuzi wa barabara ya Rironi mpaka Mau Summit ulizinduliwa mwishoni mwa 2025 na unapita hapa, kibanda kikiwa ndani ya ardhi ya barabara hakuna atakayekulipa.

Leseni na ushuru ni zipi?

Leseni ya biashara ya kaunti, kila mwaka, bei inategemea aina ya biashara na ukubwa na mahali. Ukipika chakula kila mhudumu awe na cheti cha afya na kinarudiwa kila miezi sita. Ukipima kwa mizani kama mimi, mizani ipigwe muhuri na maofisa wa vipimo. Usinunue mizani ya mtumba imelala, kilo moja inaonyesha gramu mia nane, wateja wa misumari wanajua uzito kwa mkono.

Serikali kuu sasa. Ukiuza zaidi ya milioni 1 mpaka milioni 25 kwa mwaka kuna ushuru wa mauzo, asilimia 3 tangu Julai 2023. Ni ya mauzo, sio faida! Ukiuza 200,000 mwezi huu unalipa 6,000 hata kama faida yako ilikuwa 15,000, na unalipa kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Kwa sisi wa simiti ambao faida ya mfuko ni pesa kidogo sana, hiyo ni mwiba, ndio maana weka rekodi na uongee na mtu wa hesabu kama unaweza kuchagua ule ushuru wa kawaida wa faida. Ukijenga nyumba za kukodi, ushuru wa kodi ni asilimia 7.5 ya kodi unayopokea kama ni kati ya 288,000 na milioni 15 kwa mwaka.

Nikopeshe wateja?

Utakopesha tu, hata ukibandika karatasi "leo keshi kesho deni". Mimi nakopesha fundi, sikopeshi mwenye nyumba. Fundi atarudi wiki ijayo juu kazi yake iko hapa, mwenye nyumba akimaliza kuezeka anaanza kununulia mji.

Na pesa ya simu, angalia salio lako mwenyewe, usiangalie meseji mteja anakuonyesha. Mtu akipiga akisema ametuma kimakosa, mwambie apigie kampuni ya simu. Hiyo michezo imekuwa nyingi huu mji, mpaka lile genge lililosumbua 2022 lilijiita Confirm.

Usalama uko vipi? Na wakati wa kura?

Siku za kawaida ni kama mji mwingine, ukishuka gari saa nne usiku usitembee kwa njia ya shamba ukiongea na simu. Mitaa mipya shida ni giza, nyumba moja ina taa na tano ni mijengo haina milango. Majirani wetu tulichanga tukaweka taa za sola na mlinzi mmoja, mzee wa nyumba kumi ana namba zetu zote.

Kuhusu kura sitakudanganya. Januari 2008, baada ya kura, huu mji uliungua, uwanja wa maonyesho na uwanja wa michezo wa Afraha zilijaa watu waliokimbia makwao, na wengine waliokuja hapo hawakurudi walikotoka, waliishia kununua ploti huku huku. Watu wa makabila yote wanaishi hapa na Kiswahili ndicho kinatuunganisha, hata sokoni utasikia mtu anaanza na Kikuyu anamalizia na Kiswahili juu ameona mteja ni Mkalenjin. Kura ikikaribia watu huongea pole pole na duka zingine hupunguza stoki. Mimi mwaka wa kura sijazi simiti Julai, juu kura ni Agosti.

Stima na intaneti?

Stima ya kufikishiwa mtaa mpya inaweza kuchukua muda, uliza nguzo iko umbali gani kabla ununue ploti. Ikipotea inapotea na kila mtu, kinyozi nunua betri. Intaneti ya faiba imeingia mitaa mingi, ukikuta haijafika kwenu kusanya majirani kumi muombe pamoja, mmoja mmoja hawakuji.

Naweza kukaa Nakuru nifanye kazi Nairobi?

Ni kama kilomita 160, masaa matatu barabara ikiwa na adabu. Mara mbili kwa wiki unaweza. Kila siku, nilikuwa na mteja alijaribu, alijenga nyumba nzuri sana na sijui kama amewahi kuiona mchana.

Tangi ya lita elfu tano ni pesa ngapi?

Bei inabadilika, pitia nikwambie ya leo, na kuleta mpaka kwako ni bure kama uko Kiamunyi ama Ngata. Lakini kabla hujakuja pima upana wa geti na ile njia ya kando ya nyumba. Jumamosi iliyopita tulipeleka moja, tukaibiringisha vizuri mpaka kona ya jikoni, ikakwama kati ya ukuta na nyumba, haiendi mbele hairudi nyuma, na mwenyewe akatuomba tuiache tu hapo hapo juu tayari mvua ilikuwa inakuja.